Acheni Kusema "Sombe Tu"

Ukipita nyumba kwa nyumba hapa Gisozi saa za mchana, ukamkuta mama anapakua, atakukaribisha, halafu hapo hapo ataomba msamaha. "Karibu ule, lakini ni sombe tu." "Leo tuko na maragi tu, utatusamehe." Kazi yangu ya vijana inaniingiza katika nyumba nyingi, na hilo neno "tu" nimelisikia mpaka nimechoka. Sijawahi kusikia mtu akisema "ni biskuti tu". Biskuti ikitoka kwenye pakiti inawekwa mbele ya mgeni kwa heshima, kwenye sahani yenye maua, na watoto wanafukuzwa nje ili wasiimalize.

Naandika kupinga hilo "tu". Ninaogombana nao ni wa pande mbili. Wa kwanza ni sisi wenyewe, wakubwa kwa vijana, tunaoona haya chakula kinachotoka shambani na kwenye kinu. Wa pili ni nyinyi ndugu zetu wenye vizibao vya mashirika, mnaowanunulia watoto wetu biskuti na soda sababu biskuti na soda ziko na fakitire. Kama nitapandisha sauti mtanivumilia. Mimi ni animateri, nimezoea kupiga kelele uwanjani.

Kwanza niseme juu ya nini naandika sasa. Kiangazi, ambacho wenyeji wanakiita impeshyi, kinaanza Juni na kinatubana mpaka mvua za Septemba. Wanaokaa huku wanakijua kwa vumbi. Pale Gakiriro, kwa maseremala wa vitanda na makabati, vumbi la barabara linachanganyika na unga wa mbao, na mtu akipita na shati jeupe anarudi nalo likiwa rangi ya chai. Ndio wakati wa likizo kubwa, Julai mpaka mapema Septemba. Watoto wako nyumbani mchana kutwa, na watoto wakiwa nyumbani, swali la saa sita linarudi kwa mama.

Wengi hawalifikirii hili. Tangu 2021 Rwanda iliweka chakula cha mchana katika shule zote za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali, kuanzia chekechea mpaka sekondari. Kwa shule ya msingi mchango wa mzazi ulipangwa mwaka 2022 kuwa faranga 975 kwa muhula mzima. Mtoto wa mkimbizi anayesoma humo anapakuliwa kutoka sufuria moja na mtoto wa mwenyeji: mahindi au wali, na maragi juu. Ni chakula cha mimea, kila siku ya masomo, na hakuna anayeomba msamaha. Likizo ikifika, hiyo sufuria inafunikwa. Mzazi wa watoto wanne anapoteza sahani nne kwa siku, kwa karibu miezi miwili, na hakuna anayemletea barua ya kumjulisha.

Nyinyi wa Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa mnadhani sisi wa mji tunakula vizuri. Sisi wa mji tunadhani nyinyi mnapewa. Ukweli ni kwamba wengi wetu wa Kigali hatuna pesa ya chakula ya kila mwezi, tunajitafutia, na nyinyi wenyewe mnakumbuka Machi 2021, PAM ilipokata msaada kwa asilimia 60 sababu wafadhili hawakutoa ya kutosha, na Mei ya mwaka huo wakaanza kutupanga kwa makundi ya mwenye shida na mwenye shida zaidi. Kwa hiyo tusishindane nani ana njaa. Katika uchunguzi wa afya wa kaya wa 2019–2020, kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini humu, 33 walikuwa wamedumaa. Wengi wa watoto hao hawalali bila kula. Wanashiba, ila wanashiba kitu kisichojenga mwili.

Sasa nije kwenye biskuti.

Kikundi chetu wakati wa likizo kinakusanya watoto karibu arobaini. Kuna mpira, kuna michezo ya kuigiza, kuna kusoma kwa wale wadogo. Saa nne asubuhi kuna kile kinachoitwa viburudisho, kinacholipwa na shirika linalotusaidia: kila mtoto pakiti ndogo ya biskuti na chupa ya soda. Miaka miwili niligawa vitu hivyo mimi mwenyewe na nilijiona mtu mzuri. Halafu nikaanza kuangalia. Saa nne na nusu uwanja unawaka moto, kila mtu anakimbia. Saa sita watoto wamekaa chini ya ukuta, wamenyamaza, macho mazito. Nilidhani ni jua. Siku moja nikasoma karatasi ya chupa. Soda ndogo ya mililita 300 iko na sukari ya vijiko saba vya chai na zaidi. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu anapata kwenye chakula, na afadhali iwe nusu ya hapo. Mtoto wa miaka saba, chupa moja, nusu hiyo ameishaipita kabla ya saa tano. Na wengine, nawajua kwa majina na sitawataja, hiyo ndiyo waliyokuwa wamekula tangu jana jioni.

Basi nikaenda kwenye kikao. Nilijiandaa na nikavaa vizuri. Nikasema: pesa ni ileile, wala siombi kuongezewa. Badala ya soda na biskuti, tuwape wamama watatu wa mtaa huu wapike. Maragi, viazi vitamu, karanga, matunda. Wote mezani wakatikisa vichwa kwa furaha. Wazo zuri sana. Wazo la jamii yenyewe. Halafu mmoja akauliza: "Na fakitire?"

Kwa wasomaji ambao hawajafanya kazi na mashirika, nieleze. Rwanda iko na mashine ya kodi inayoitwa EBM, imekuwepo tangu 2013. Duka likikuuzia, mashine inatoa risiti ambayo serikali inaiona. Ni kitu kizuri, mimi siipingi, nchi inajengwa kwa kodi. Ila mama anayeuza karanga kwenye sinia hana EBM, na anayeuza sombe ya kutwanga hana EBM. Mwenye nayo ni duka kubwa la vioo, na kwenye duka la vioo kilicho rahisi kununua kwa watoto arobaini, kikae kwenye gari bila kuoza na kihesabiwe kwa katoni, ni soda na biskuti. Kwa hiyo anayechagua chakula cha watoto wetu wakati wa likizo si daktari wala mzazi. Ni mashine ya risiti.

Nikasema, samahani, naomba kuuliza. Mlipotuita kwenye semina, mlitulipa pesa ya usafiri. Mwenye pikipiki aliyenileta hakunipa risiti ya EBM. Mlifanya nini? Niliandika jina langu kwenye karatasi, namba ya simu, nikatia sahihi, na pesa ikaingia kwenye simu jioni. Mkaguzi wenu hakulia. Kama karatasi ya sahihi inatosha kwa mguu wangu, juu ya nini isitoshe kwa sufuria ya mama? Kikao kikawa kimya kidogo. Halafu wakasema swali hilo litapelekwa juu. Nyinyi wa kambini mnajua huko juu ni wapi.

Na hiyo semina yenyewe, nisiipite. Ilikuwa ya lishe, eti "lishe ya mimea kwa familia nzima". Ukumbi ulikuwa mzuri, picha zinaonyeshwa ukutani. Dada aliyetufundisha alikuwa na moyo mweupe, hilo nalikubali, na aliyosema juu ya vitamini yalikuwa kweli. Lakini alitufundisha kutengeneza maziwa ya lozi. Alitufundisha uji wa shayiri za kizungu wenye mbegu ambazo nilikuwa sijawahi kuziona. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Uvira, mtu mzima, mikono yake imetwanga sombe tangu enzi za Mobutu. Akaniuliza polepole: "Mwanangu, hiyo lozi banauzisha wapi?" Sikuwa na jibu. Ukumbi mzima ulikuwa na wamama wanaojua kupika bila nyama wala yai wala maziwa kwa watu kumi, kwa mkaa wa kikopo kimoja, na hakuna hata mmoja aliyeombwa asimame aseme anavyofanya. Saa nne tukapewa viburudisho. Mmeishajua ni nini.

Huko Ulaya siku hizi watu wanalipa bei kubwa wale bila nyama, na wanasifiwa kwa hilo. Mama wa Uvira akifanya hivyo anaitwa mwenye shida anayehitaji semina.

Agosti tukaamua kujaribu wenyewe. Wiki moja, siku tano, kwa mchango wa vijana wakubwa na wamama wawili waliokubali kusimamia. Nataka niikae hapa kidogo sababu hii ndiyo sehemu niliyoipenda.

Moto tuliupata Gakiriro. Maseremala wanatupa vipande vya mbao, na wengine wanaviuza kwa bei ya kuchekesha. Ila muwe macho: chukua mbao tupu, isiyopakwa rangi wala vanishi, sababu moshi wa vanishi si wa kuvuta karibu na mtoto. Maragi tulinunua mapya. Julai na Agosti maragi ya msimu B yametoka shambani, kwa hiyo mwenye kujua kununua hapati hasara. Kama sokoni wanayo yale yenye madini ya chuma zaidi, chukua hayo, ladha ni ileile. Tuliloweka usiku kucha, asubuhi tukamwaga maji ya kuloweka kwenye gunia la lengalenga. Maragi yaliyolowekwa yanaiva mapema sana, na hapo ndipo mkaa unapookolewa. Nilishangaa nyumba ngapi haziloweki. Si kwa kutojua. Mama anarudi saa mbili za usiku kutoka kufulia watu nguo, ataloweka saa ngapi?

Ndani tulitia karoti, nyanya, seleri na vitunguu, na pembeni viazi vitamu vile vya rangi ya machungwa, ambavyo hiyo rangi yake ndiyo vitamini A. Mmoja wa wamama akatukataza kugawa chai. Akasema chai juu ya maragi inafukuza nguvu ya maragi. Nikadhani ni mambo ya wazee. Nikaenda kuuliza muuguzi, akasema ni kweli kabisa: majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma, na tunda chachu kama chungwa au marakuja linasaidia kuyachukua. Huyo mama hajawahi kualikwa kufundisha popote.

Siku ya sombe tulitwanga wavulana. Kigali unaweza kununua sombe iliyosagwa tayari, lakini tulitaka ya kinu. Majirani walitoka nje kuangalia. "Heee, banaume wanatwanga!" Tukatwanga kwa zamu, wakatuhesabia mapigo kama kwenye ngoma, na baada ya dakika kumi mtu anayecheza mpira dakika tisini alikuwa ameomba maji. Majani ya muhogo mabichi yako na sumu, na kutwanga vizuri kisha kuchemsha muda mrefu, sufuria ikiwa wazi mwanzoni, ndiko kunakoitoa. Halafu puwaro, pilipili mboga, biringanya, unga wa karanga, na mawese mwishoni. Mafuta hayo si anasa. Vitamini A ya majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Ndiyo kusema lengalenga iliyochemshwa kwa maji na chumvi, ile tunayowapa watoto tukiwa tumeishiwa, inapoteza nusu ya kazi yake kwa kukosa kijiko kimoja cha mafuta au kipande cha avoka.

Vitu vitamu ndivyo nilivyoviogopa zaidi, maana hapo ndipo tulikuwa tunashindana na biskuti. Tulifanya mandazi ya kiazi kitamu: kiazi kimechemshwa, kimepondwa, kimekandwa na unga, bila yai wala maziwa, na unga unaotumika ni mdogo. Yanatoka ya njano, laini ndani. Tulifanya ndizi ndogo zilizoiva sana, zile zenye ngozi nyeusi ambazo muuzaji anakupunguzia bei, zinapondwa na unga wa muhogo bila tone la maji, zinakaangwa. Ndugu zetu walioko Uganda wanaziita kabalagala. Tulikaanga karanga na sukari kidogo mpaka zikashikana kama kashata. Kilo moja ya karanga ni kiganja kimoja kwa kila mtoto wa arobaini, na robo ya uzito wake ni protini. (Wale wadogo wa chini ya miaka mitano msiwape karanga nzima, zinaweza kuwakaba. Wape iliyosagwa.)

Na barafu! Goma na Bukavu tulikua tukinyonya barafu za maji ya matunda kwenye sashe, meno yanauma na bado unanyonya. Hapa mifuko ya plastiki imekatazwa tangu 2008, na afadhali, nani asiyejua mitaro ya kwetu inavyozibwa. Basi tulichuja marakuja, tukachanganya na papai iliyopondwa na maji yaliyochemshwa, papai inaleta utamu na sukari inakuwa chache. Tukamimina kwenye vikombe vya bati. Fundi mmoja wa Gakiriro akatuchongea vijiti. Mwenye kibanda cha jirani akatuazima friza yake usiku, malipo vikombe viwili. Kesho yake saa nane, jua likiwa pale linapokaa Agosti, watoto arobaini walinyamaza kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze.

Nisidanganye, si kila kitu kilienda. Siku ya kwanza watoto sita walikataa kula, wakauliza biskuti iko wapi. Siku ya sombe walikataa wawili. Siku moja maragi yaliungua chini sababu mimi niliyeachiwa sufuria nilikwenda kuangalia mpira. Kwa pesa, wiki nzima ilitugharimu chini ya soda na biskuti za siku tatu, hesabu iko kwenye daftari. Lakini wale wamama wawili walipika bure, na kitu hicho sitakisifia. Kila mara mtu akisema "jamii ilijitolea", ukiangalia utakuta ni mwanamke hakulipwa.

Siku ya nne akaja baba mmoja. Mzee wa kwetu, wa Masisi, mtu aliyekuwa na ng'ombe. Alikuwa amemwona mtoto wake na bakuli la sombe mbele ya kanisa. Hakunisalimia. Akasema: "Miye sikukimbia vita juu batoto bangu bakule majani sawa mbuzi." Nikamwambia, "Baba, nisamehe, kaa kwanza." Akakataa kukaa. Akasema kwao mtoto ni maziwa. Akasema soda ilikuwa ishara kwamba kuna mtu anawakumbuka watoto wetu, na sasa hata hiyo tumewanyang'anya ili tuwalishe chakula cha watu walioshindwa.

Nilikuwa na majibu tayari kichwani na yote yalikosa maana. Sababu iko kitu cha kweli alichosema. Mkimbizi anachaguliwa chakula. Miaka mingi umepewa unga ambao hukuuchagua na mafuta ambayo hukuyachagua, na siku ukipata sarafu yako mwenyewe unataka kununua kile ambacho hakifanani na msaada. Soda inafanana na harusi. Sombe inafanana na siku mlipokosa kitu. Mimi kijana sina haki ya kumcheka mtu kwa hilo, wala nyinyi wa semina.

Lakini Baba, na nakuandikia hapa kwa heshima maana najua mtu atakusomea: hiyo soda pia hatukuichagua. Ilichaguliwa na mashine. Sombe sisi ndio tuliichagua, tukaibeba, tukaitwanga, na mtoto wako aliomba aongezewe. Na maziwa sijayakataa. Ukiyapata, mpe mtoto, mpe wa kwanza yule mdogo. Wala sisemi mtu aache nyama. Sisi watu wa Kivu tunapenda sambaza na ndagala, na mtoto mdogo anazihitaji hasa, au yai, au maziwa, sababu iko vitamini ya damu, B12, ambayo majani na maragi hayana. Kijiko cha unga wa ndagala kwenye uji kinatosha kumsaidia. Ninachokataa ni kwamba, siku hizi kukiwa hakuna nyama wala maziwa, tunaruka juu ya maragi kama hatuyaoni na kwenda kununua biskuti. Biskuti si hatua ya kuelekea kwenye nyama. Ni unga na sukari.

Ndugu wa mashirika nao wana neno lao la mwisho, na si la kijinga: usafi. Je, watoto wakiugua tumbo? Biskuti haijawahi kuleta kipindupindu. Ni kweli. Sasa sisi tunafanya hivi: tunapika asubuhi na kugawa siku hiyohiyo, hakuna kulaza chakula, maji ya kunywa na ya barafu yanachemshwa, kila mtoto ananawa kwa sabuni na anakuja na bakuli lake, mwenye kuharisha hapiki. Kama mnataka mtutumie mtu wa afya aje kuangalia jiko, karibu, tutampakulia. Shule zinapikia watoto mamia kila siku na hakuna anayesema wapewe biskuti kwa ajili ya usafi. Jambo la usafi linazungumzwa zaidi pale mpishi anapokuwa mkimbizi.

Tunachoomba kimeandikwa kwenye barua na si kirefu. Viburudisho vya likizo vibadilishwe kuwa sahani, kwa bajeti ileile. Wamama wanaopika walipwe kwa karatasi ya sahihi na kwa simu, kama mnavyotulipa usafiri. Semina ijayo ya lishe, mbele wasimame wao, na huyo dada wa vitamini akae pembeni yao aongeze pale panapohitaji kuongezwa. Atasaidia sana, nimesema ana moyo mweupe. Kambini pia inawezekana, tena rahisi zaidi kwa wale wenye kupikia gesi. Vikundi vya vijana wa Mahama na Kiziba, andikeni barua yenu, msingoje yetu ijibiwe.

Na wewe mama unayesoma hii ukiwa umewasha jiko: mgeni akiingia leo, mwambie kuna sombe. Ishia hapo.

Mwaka huu tutaanza Jumatatu ya pili ya likizo, majibu yawe yamekuja ama hayajaja. Tunakutana saa mbili asubuhi, mtoto na bakuli lake, mkubwa na kuni zake. Atakayekuja kusaidia siku ya sombe alete na kinu, chetu kilipasuka mwaka jana mikononi mwa golikipa.